ALAMU YA MASHINE YA FIGO IKILIA, USISEME "ZIMA!"

Kuna sauti tatu ambazo kijana wa mjini hazipendi kabisa. Ya kwanza ni honi ya daladala nyuma ya kisogo chake. Ya pili ni hodi ya mwenye nyumba tarehe moja asubuhi. Ya tatu ni ile "tii, tii, tii" ya mashine hospitalini, ndugu yako amelala pale, damu yake inazunguka kwenye mipira, na taa nyekundu inawaka juu.

Hizo mbili za kwanza malizana nazo mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo inayonipa ugali.

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo ndizo nilizozeeka nazo. Nimezaliwa Rugu, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Najua mkishasikia Kagera mnaanza: "Aha, nshomile huyo!" Taratibu jamani. Sisi wa Karagwe ni Wanyambo, na ukituchanganya na Wahaya mbele ya wazee wetu unaweza kula matoke bila mchuzi.

Sasa basi, mashine hizi zina alamu nyingi. Ipo ya hewa, ipo ya presha, ipo ya damu kuvuja. Leo nataka tuongee ile inayolia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ambayo kila ikilia lazima atokee mtu wa kusema "zima hiyo kelele". Ni alamu ya mchanganyiko wa maji. Nataka ukimaliza kusoma hapa ujue kitu kimoja: ile alamu si mashine kuwa kimeo. Ni mashine inayokataa kumpa mgonjwa wako mchanganyiko mbovu. Cha kuogopa ni mashine iliyonyamazishwa.

MASHINE INAPIKA SUPU

Wengi wanafikiri ile mashine inachuja damu kama chujio la chai. Hapana bwana. Kuna kichujio, ndiyo, kile kimrija kinene cha plastiki kilichosimama pembeni, ambacho ndani yake kina maelfu ya vinyuzi vyenye tundu katikati, vyembamba kama unywele. Damu inapita ndani ya vinyuzi. Nje ya vinyuzi yanapita maji maalumu. Uchafu unatoka kwenye damu, unavuka ukuta wa kinyuzi, unaingia kwenye maji, halafu maji yanakwenda bombani.

Kwa hiyo yale maji ndiyo ufagio wenyewe. Na si maji ya bomba. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Kwanza, maji yaliyosafishwa mno, hayana chumvi wala klorini. Pili, dumu A, ambalo lina chumvi ya kawaida, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu kidogo na asidi kidogo. Tatu, dumu B, ambalo ni baikaboneti, ndugu wa karibu wa yale magadi mama anayoweka kwenye maharage ili yaive haraka.

Utauliza, kwa nini wasichanganye A na B kiwandani, mtu akanunua dumu moja yakaisha? Jibu ni kwamba ukiyakutanisha hayo mawili yakiwa makali, kalsiamu inashikana na baikaboneti na kuwa chokaa, kama ile inayoganda chini ya birika. Ndiyo maana yanakaa mbalimbali, na mashine inayakutanisha dakika ileile ya kutumia, tena yakiwa yamezimuliwa.

Kipimo chake sasa! Kuna mashine zinazotumia uwiano wa 1 kwa 34, yaani sehemu moja ya A kwa sehemu 34 za maji na B. Zipo za 1 kwa 44 pia. Maji yanapita kama nusu lita kila dakika. Piga hesabu ya saa 4: lita 120 kwa mgonjwa mmoja, kwa kikao kimoja. Ni ndoo 6 kubwa. Kwa uwiano wa 1 kwa 34, hizo ndoo 6 zinakula lita 3 na nusu hivi za dumu A. Mgonjwa wa kawaida anakwenda mara 3 kwa wiki, hivyo damu yake inakutana na lita 360. Mtu mzima anayekunywa lita 2 kwa siku angehitaji karibu nusu mwaka kumaliza maji hayo.

Kwa watu wa kwetu kuna jambo jingine. Ndizi ina potasiamu nyingi, na figo iliyokufa haiwezi kuitoa. Potasiamu ikijaa mwilini inaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo ile potasiamu ya kwenye dumu A imewekwa kidogo kwa makusudi, ili ile ya kwenye matoke ivuke kutoka kwenye damu kwenda majini. Mchanganyiko ukiwa ovyo, na hesabu hiyo inakuwa ovyo.

ULIMI WA UMEME

Mwanzoni kazi hii ya kuchanganya waliifanya watu kwa mikono. Mdachi Willem Kolff, aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyofaa kwa binadamu mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alitumia utando wa kutengenezea soseji, akauzungusha kwenye beseni la maji ya chumvi zilizopimwa kwa mizani. Mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa na mashine yake, mama wa miaka 67, alipona mwaka 1945. Katika miaka ya 1960, kule Seattle, Marekani, mhandisi Albert Babb na wenzake wakatengeneza mashine inayochanganya yenyewe. Lakini mashine ikichanganya yenyewe, nani ataonja?

Hapo ndipo umeme unapoingia. Maji matupu yaliyosafishwa sana hayapitishi umeme vizuri. Ukiweka chumvi, yanaanza kupitisha. Ukizidisha chumvi, yanapitisha zaidi. Basi mashine ina vijiti vidogo ndani ya bomba lake, vinapitisha umeme kiduchu kwenye mchanganyiko na kupima unavyopita. Kipimo hicho mafundi tunakiita konduktiviti. Kwenye skrini kwa kawaida utaona namba inayocheza karibu na 14, na kizio chake ni milisimensi kwa sentimita. Ukiona 13.9 au 14.1, hiyo ni poa. Iwe Fresenius, Nipro, Nikkiso au B. Braun, kanuni ni hiyohiyo.

Kila mashine imewekewa mipaka, juu na chini. Namba ikitoka nje ya mipaka, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Alamu inalia. Halafu, na hili ndilo watu hawalijui, mashine inachepusha yale maji. Badala ya kwenda kwenye kichujio yanamwagwa moja kwa moja. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haikutani na mchanganyiko mbovu.

Kwa hiyo unapomwona nesi hakimbii huku alamu inalia, usidhani ana roho mbaya. Anajua mgonjwa amekingwa. Lakini pia ajue, nawe ujue, kwamba muda huo damu haisafishwi. Saa inakwenda, kazi haiendi. Dakika zilizopotea lazima zifidiwe.

CHUMVI IKIPUNGUA, CHUMVI IKIZIDI

Tuseme hakuna alamu, au kuna mjanja kaizima. Mchanganyiko ukiwa na chumvi pungufu, maji yanavutwa kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Zinavimba, zinapasuka. Mgonjwa anaanza kulalamika kifua, mgongo, tumbo, kichwa, pumzi. Ukitazama mipira, damu imebadilika rangi, imekuwa nyekundu inayong'aa kama sharubati. Hapo hakuna mjadala: mashine inasimamishwa, mipira inabanwa, daktari anaitwa, na ile damu iliyoharibika hairudishwi mwilini.

Chumvi ikizidi ni kinyume chake. Maji yanatoka kwenye chembe, zinasinyaa kama senene waliokaangwa. Mgonjwa anashikwa na kiu ya ajabu, kichwa kinagonga, anaweza kuchanganyikiwa au kupata degedege. Pande zote mbili mwisho wake unaweza kuwa kifo. Ndiyo maana mtu akiniambia "fundi, zima tu hiyo kitu", moyo unanidunda.

MZEE WA KWETU NA MASHINE NAMBA NNE

Kuna siku niliitwa wodini, mashine namba nne inalia. Kwenye kiti kuna mzee, kofia ya sufi kichwani, na pembeni yake mjukuu wake, kijana mtanashati wa jinzi na kofia aliyoigeuza nyuma-mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huo usemi wako ni wa wapi?"

"Rugu, baba."

Mzee akakaa vizuri. Kumbe naye ni wa hukohuko! Tukaanza kuulizana koo, nani mtoto wa nani, kama ilivyo desturi. Mjukuu wake akaona tunamchelewesha.

"Braza fundi, salamu baadaye. Zima kwanza hiyo king'ora, babu presha itapanda."

Nikabonyeza kitufe cha kutuliza sauti. Kumbuka, kile kinatuliza sauti kwa muda mfupi tu, kinga haiondoki. Nikamwambia kijana asome namba iliyopo kwenye skrini. Akasoma: 12.9. Nikamuuliza mzee anajisikiaje, kifua, kichwa, mgongo. Akasema yuko salama. Mipira nikaitazama, damu rangi yake ileile. Sista naye akampima presha, ikawa nzuri.

Nikachota maji kidogo kwenye mrija wa mchanganyiko, nikayapima kwa kipimo changu cha mkononi. Nacho kikasema 12.9. Maana yake mashine haisemi uongo, ila mchanganyiko ndio mwepesi. Nikainua mrija wa dumu A, uko sawa. Nikainua wa dumu B. Aisee! Chini ya dumu unga wa baikaboneti umekaa kama uji uliopoa, na chujio la ncha ya mrija limeziba. Asubuhi umeme ulikatika, ikawa purukushani ya jenereta, aliyekoroga akakoroga nusunusu.

Tukatengeneza dumu jipya, unga ukayeyuka wote, tukasafisha chujio, tukarudisha. Namba ikaanza kupanda taratibu: 13.2, 13.6, 13.9. Haipandi mara moja kwa sababu yale maji mepesi yaliyomo kwenye mabomba lazima yatoke kwanza. Taa nyekundu ikazima yenyewe. Muda uliopotea ulikuwa dakika 25, na sista akaziongeza mwishoni bila kuombwa.

Mzee alikuwa anafuatilia kila hatua. Akasema, "Sasa nimeelewa. Ni kama rubisi. Ukimimina maji kwenye mtumbwi wa ndizi kabla hujaonja utamu wake, umeharibu mtumbwi mzima."

Nimesoma vitabu vingi vya ufundi. Sijaona kilichoeleza vizuri kuliko hapo.

FUNDI ANAANZIA WAPI?

Wapo vijana wanaosoma ufundi wa vifaa tiba na uuguzi wanaonunua gazeti hili kwa ajili ya kurasa za mapenzi, msikatae. Hii ni yenu.

Moja: mgonjwa kwanza, mashine baadaye. Uso wake, maneno yake, presha yake, rangi ya damu.

Mbili: soma namba. Imeshuka au imepanda? Iliyoshuka inakupeleka kwenye madumu kwanza. Iliyopanda inakupeleka kwenye maji na kwenye lebo.

Tatu: madumu. Je, limeisha? Je, mrija umefika chini au unanyonya hewa? Je, mirija imebadilishana? Kwa mashine nyingi nyekundu ni A na bluu ni B, lakini mtu akiwa na haraka rangi hazioni. Angalia mapovu kwenye mrija.

Nne: dumu B. Limekorogwa lini? Baikaboneti ya jana si ya leo, inapoteza gesi yake na inakaribisha bakteria. Kama ni ile ya kopo la unga linalofungwa kwenye mashine, angalia kama limeganda au limekwisha.

Tano: maji. Mtambo wa kusafisha maji unafanya kazi? Presha yake ikoje? Chujio la kuingilia limeziba? Maji yakiingia kidogo, chumvi inaonekana kubwa.

Sita: pima kwa kipimo kingine, kisicho cha mashine hiyo, ambacho chenyewe kimehakikiwa kwa maji ya kipimo yanayojulikana. Vipimo viwili vikikubaliana, kosa liko kwenye mchanganyiko. Vikipingana, ndipo uanze kushuku kijiti cha mashine, labda kimevaa chokaa. Chokaa hiyo huondolewa kwa kuisafisha mashine kwa asidi ya ndimu au siki, mgonjwa akiwa hayupo kwenye mashine.

Saba: ukishindwa, mtoe mgonjwa, mpeleke mashine nyingine. Hakuna aibu. Mashine inaweza kusubiri hadi Jumatatu, mgonjwa hawezi.

UJANJA UNAOUA

Kuna kituo kimoja, sitakitaja, stoo ilipokea mzigo mpya wa madumu A. Dumu lilelile kwa macho, kifuniko rangi ileile. Wakafunga, mashine ya kwanza ikalia: chumvi juu. Ya pili, juu. Ya tatu, juu. Mkubwa mmoja akaja na hekima yake: "Mashine zote haziwezi kuwa sahihi kwa pamoja. Sogeza kipimo kidogo, isome 14, wagonjwa wanasubiri."

Nikamwomba dakika 5. Nikachukua dumu, nikageuza lebo, nikasoma maandishi madogo. Dumu lilikuwa la uwiano wa 1 kwa 44, mashine zetu ni za 1 kwa 34. Dumu la 1 kwa 44 ni kali zaidi, kwa sababu limetengenezwa lizimuliwe kwa maji mengi zaidi. Mashine zote tatu zilikuwa sahihi kwa pamoja. Tungesogeza kipimo, skrini ingeandika 14 kwa uzuri kabisa, na wagonjwa watatu wangesafishwa damu kwa maji ya chumvi kali. Madumu yakarudishwa stoo. Mkubwa akaondoka akiangalia saa.

Zipo mashine za kisasa zinazojirekebisha zenyewe. Zikiona chumvi imezidi zinapunguza dozi hadi namba irudi 14. Unaona raha, eh? Lakini ule ulimi wa umeme unajua kiasi cha chumvi, haujui majina ya chumvi. Namba inaweza kuwa nzuri huku kalsiamu, potasiamu na baikaboneti ziko mahali pasipo pake. Ndiyo sababu kituo makini hakiridhiki na konduktiviti peke yake. Wanapima pia uchachu wa mchanganyiko kabla mgonjwa hajafungwa, na watu wawili wanasoma lebo, si mmoja.

Na usichanganye mabaki ya dumu hili na lile ili "yasipotee". Usiongeze maji kwenye dumu "ili lifike jioni". Hayo ni mambo ya kuuza maziwa, si ya damu ya mtu.

SUMU ISIYOLIA

Nisije nikakufanya uiamini alamu hii kuliko Mungu. Kuna vitu haivioni. Februari 1996, katika mji wa Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo wa kituo kimoja walianza kutapika na kushindwa kuona vizuri. Maji ya kituo yalikuwa yameletwa na maboza kutoka bwawani bila kutibiwa ipasavyo, na ndani yake mlikuwa na sumu ya mwani. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Sumu kama hiyo inaua kwa kiasi kidogo mno ambacho hakiongezi umeme unaopita majini, kwa hiyo kwenye kipimo cha chumvi haionekani.

Mwenzangu wa Dar, wa Mwanza, wa Dodoma, nawe maji ya boza unayajua. Klorini iliyozidi haionekani kwa kipimo hiki, bakteria hawaonekani. Hayo yanalindwa na mtambo wa maji ulioko chumba cha nyuma, mapipa ya mkaa na michujio yake, na mtu anayeyapima kila siku. Alamu ni mlinzi wa mlango mmoja tu wa nyumba.

NA SISI WA RUGU JE?

Nikienda likizo nyumbani, swali ni hilohilo: "Wewe si fundi wa mashine za figo? Kwa nini usituletee moja hapa?" Natafuna kahawa, nafikiria, halafu nawapigia hesabu.

Kikao kimoja kinataka lita 120 za maji safi. Lakini mtambo wa kusafisha maji unamwaga sehemu kubwa, mara nyingine nusu au zaidi. Weka lita 240 za maji ghafi. Wagonjwa 5, mara 3 kwa wiki, ni lita 3,600. Ni ndoo 180 kila wiki, kiangazi na masika, bila kukosa. Halafu umeme usiyumbe kwa saa 4. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umekuwa ukipata umeme wake kutoka Uganda, na mnajua wenyewe umeme wa kuletwa kutoka mbali unavyokuwa. Halafu madumu ya A na B yapande lori na kufika kabla ya kuisha, yakiwa ya uwiano unaotakiwa. Kimoja kikikosekana, mashine italia. Na ikilia awepo mtu anayejua kwa nini.

Kwa maneno mengine, bei ya mashine si ndiyo kikwazo kikubwa. Mashine unaweza kuletewa msaada na ukapiga nayo picha. Mchanganyiko ndio mtihani.

Ndiyo maana mgonjwa wa Rugu anahama. Kutoka Kayanga, makao makuu ya wilaya, hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, kupitia Kyaka. Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando inatoa huduma hii kwa Kanda ya Ziwa, ni safari ya siku. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, tunashukuru, lakini mara 3 kwa wiki? Haiwezekani. Mzee anapanga chumba mjini, shamba la kahawa linabaki na mama, na mjukuu anaacha biashara yake ili amsindikize. Kila dakika mashine inayolia bila mtu wa kuirekebisha ni dakika ya watu waliouza ng'ombe.

Habari njema zipo. Novemba 2017 Muhimbili walifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, wakisaidiana na madaktari kutoka India, na 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Anayepata figo anaagana na madumu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Wengi wetu tunaitazama kwa jicho la matumaini, kwa sababu kikao kimoja cha kusafisha damu kinatosha kumaliza mfuko wa mkulima.

WEWE MSINDIKIZAJI

Kijana unayekaa pembeni ya kiti cha mzazi wako, huna haja ya kuwa fundi. Yafuatayo yanakutosha.

Kabla hawajaanza, muulize nesi kwa upole: "Sista, mchanganyiko umepimwa?" Hataudhika. Aliye makini atafurahi, asiye makini atapima.

Izoee namba ya konduktiviti ya mgonjwa wako. Ukijua kawaida ni 14, siku ukiona 13.2 utauliza mapema.

Alamu ikilia, usiguse kitufe chochote. Usivute mpira, usihamishe dumu kwa mguu ili upate pa kukaa. Wengi wamefanya hivyo, mrija ukachomoka. Mwite nesi, mwangalie mgonjwa wako, muulize anajisikiaje. Akisema kifua, mgongo au kichwa kinauma ghafla, hapo paza sauti bila haya.

Ikizimwa, uliza iliyokuwa sababu. "Ilikuwa kelele tu" si jibu. "Dumu B lilikuwa limeziba" ni jibu.

Andika dakika zilizopotea. Omba zifidiwe. Ni haki yake, na mashine haina haraka ya kwenda popote.

Na wewe mwenyewe, mtu wa viti virefu na nyama choma, pima presha na sukari walau mara moja kwa mwaka, na acha kumeza vidonge vya maumivu kama karanga. Presha, sukari na dawa hizo ni njia zinazojulikana sana za kuelekea kwenye kile kiti.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaambia kwa nini alamu ya hewa ikilia hata mafundi wenye vitambi tunakimbia. Kwa sasa niacheni, mashine namba mbili inaniita, na skrini inasoma 13.3.